Shimo Katikati ya Simama Kwanza

Rugenge, Uvira, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Kwako Merdi, mujukuu wangu,

Nakusalimu weye, nasalimu na ule mugongo wako ulioandika kwamba unakuuma. Muntu wa miaka ishirini na saba anaumwa mugongo kwa kukaa kwenye kiti! Sisi huku tuko. Minye niko muzima, ni goti la kushoto tu linanipigia kelele. Gloriose, binti ya shangazi yako, amepata bwana, kijana wa Lubarika, mupole, masikio makubwa. Ndoa ni mwezi wa nane. Maji ya ziwa imepanda tena, watu wa kule chini wanalala kwa ndugu zao, na kwangu wamelala sita, pamoja na mbuzi mmoja ambaye hakuomba ruhusa.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja imefika jana. Olive, yule mama wa biashara, aliibeba katikati ya magunia yake ya ndagala, samaki wadogo wakavu, kwa lori mpaka Kalemie, kwa mashua mpaka Kalundu, kwa hiyo iko na harufu kuliko habari. Na usiniambie tena ninunue telefone. Telefone ya Gloriose inasikilizwa na nyumba nzima, na mambo unayouliza siyo ya nyumba nzima. Masista walinifundisha mpaka mwaka wa ine. Kuandika najua, kulamba bahasha najua.

Unasema bwana wa studio, huyo Franck, amekupa kazi ya kutengeneza diski ya miziki ya zamani ya ziwa, na ya kwanza ni Simama Kwanza ya babu yako Venant. Unataka historia. Nani aliipiga, nani aliigeuza, na lile shimo katikati linasema nini.

Haya, andika. Venant na orchestre yake, Ruzizi Succès, waliipiga kwa santuri mwaka wa 1973, kule Bujumbura. Gitaa tatu na ngoma, hakuna muntu aliyeimba neno. Katikati, unajua mwenyewe, gitaa inakata. Inanyamaza kama muntu anayehesabu moja, mbili, tatu, ine, halafu inaingia tena kama hakuna kilichotokea. Watu walipenda ule ukimya kuliko muziki wote. Wakaanza kusimama kwa muguu mmoja mpaka gitaa irudi, na anayeanguka anachekwa. Ndipo jina lilipotoka.

Kisha wakaja waigaji. Ngambo ya Ruzizi, orchestre moja iliweka saksofoni, na pale kwenye shimo mulevi fulani anapiga kelele "Simama!" kama polisi. Upuuzi. Rémy wa fanfari ya parokia akaipeleka kwenye matarumbeta, na shimo akalijaza kwa ngoma kubwa, bum, bum, bum, bum, sababu alisema vijana wake wakinyamaza hawajui kuanza tena pamoja. Kijana mmoja wa Makobola akaipiga kwa kinanda cha betri kwenye ndoa. Betri ilikufa palepale kwenye shimo, watu wakabaki muguu mmoja wakingojea, mpaka baba wa bibi harusi akaanguka juu ya sufuria. Halafu kwaya ya vijana ikaitilia maneno ya Mungu. Shimo likaangukia ndani ya Mwokozi. "Mwo", wote kimya, halafu "kozi". Padri aliifunga wiki ileile. Leo iko ndani ya telefone, inalia sokoni, na muntu anapokea kabla haijafika kwenye shimo. Watoto wa siku hizi hawajui hata kama shimo liko.

Ndiyo historia. Shimo halisemi kitu. Shimo ni shimo. Venant aliipiga vile, inatosha.

Na weye, umeandika kurasa tatu na hukusema huyo Franck ni muntu wa namna gani. Nimeona.

Goti limekataa kukaa zaidi.
Koko yako, Léocadie


Lubumbashi, 2 Machi 2024

Mpendwa Koko,

Natumaini goti limepoa na mbuzi amerudi kwao. Mgongo wangu unaendelea vizuri. Huku mvua ni ya kila siku na umeme si wa kila siku. Mpe Gloriose pongezi, na mwambie huyo mume mwenye masikio kwamba atahitaji kuyatumia, maana namjua Gloriose. Watu wa hapa wananicheka nikisema Koko, wao wanasema Kambo. Mimi nakataa kubadilisha.

Asante kwa historia. Nimecheka sana juu ya kwaya. Lakini, Koko, kuna mambo mawili.

La kwanza ni lile shimo. Nimeingiza santuri ya Babu kwenye ordinatere, ile kompyuta ya studio. Mashine inapima muziki kama fundi cherehani, na shimo linaikatalia. Si mapigo manne kamili. Ni manne na kipande, kama mtu aliyejikwaa. Franck anasema tuchague: tulifunge, au tulipe maana. Yeye anayo maana tayari. Anasema: "Katikati ya wimbo, gitaa la mzee Venant linainamisha kichwa kwa ajili ya wale ambao vita vya ziwa viliwameza, na watu wake wanasimama kwa mguu mmoja kwa sababu mguu wa pili umebaki kaburini." Anasema watu wa Ulaya watalia. Mimi sitaandika kitu bila kukuuliza.

La pili ni gumu kuliandika. Nilimpata kwa simu mzee Sévère, aliyepiga ngoma kwenye ile santuri. Yuko Kigoma, anasikia kwa sikio moja. Aliniambia hivi: "Venant hakuitunga ile. Alikuja nayo asubuhi moja kutoka nyumbani imekamilika, na shimo lake. Tukamuuliza ameitoa wapi, akacheka, akaanza kukaza nyuzi." Miaka yote Sévère ameamini aliichukua kwa mtu.

Koko, jina la Babu liko kwenye santuri, na litakuwa kwenye diski yangu, chini yake langu. Je, aliiba?

Nisamehe kuuliza. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mjukuu wako,
Merdi


Rugenge, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Merdi,

Salamu nitatoa, sababu nililelewa. Tuko wazima. Mbuzi amezaa. Watu wake wamerudi nyumbani kwao kukausha kuta, yeye amebaki kwangu. Olive alikaa Kalemie wiki tatu akingojea mashua sababu ya mawimbi, ndiyo maana hasira yangu imechelewa. Usidhani imepoa.

Sévère! Sévère alipiga ngoma kwa mikono, akili aliiacha nyumbani kwa mama yake. Na weye unabeba neno la sikio moja unalileta ndani ya nyumba yangu: Venant mwizi. Babu yako aliokota beseni ya muntu pale ufukweni akazunguka Makobola yote, nyumba kwa nyumba, mpaka alipompata mwenyewe. Beseni iliyotoboka! Huyo ndiye aibe muziki?

Sasa juu ya wafu. Fungua masikio. Mwaka wa 1973 hizo vita unazozisema zilikuwa bado. Wafu wetu wa Makobola nawajua kwa majina, weye huwajui, sababu minye niliwaosha. Wako na makaburi yao, wako na siku yao, tunawaombea. Hawakuomba kulazwa ndani ya gitaa ili muzungu wa Franck atoe machozi. Muguu kaburini! Watu walisimama muguu mmoja sababu walikuwa vijana na walikuwa na furaha. Muntu asiyeweza kuandika kwamba watu wa Uvira walikuwa na furaha, aache kuandika.

Na kuna kingine. Barua yako iko na shimo. Minye mashimo nayajua. Unasema hutaandika kitu bila kuniuliza, halafu maneno ya Franck umeyapanga mbele yangu yote, yamenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Neno la kusikia halinyooki vile. Ulikwisha kuyaandika. Pengine uliyatunga mwenyewe na Franck hana kosa. Jibu: ndiyo, au hapana. Usinipe habari ya umeme.

Unauliza Venant aliitoa wapi. Sikujibu. Siyo kwamba sijui. Ni neno la minye na yeye, na yeye hayuko wa kumuuliza kama anaruhusu. Nimekaa nalo miaka hamsini, halijanichoma mufuko.

Lakini usichapishe. Unanisikia? Usichapishe mpaka nikuandikie. Ukichapisha ule uongo wa wafu, usije kwenye ndoa ya Gloriose, na diski yako nitafunikia chungu.

Bado Koko yako, lakini kidogo,
Léocadie


Lubumbashi, 30 Juni 2024

Koko,

Nakusalimu kwa magoti. Sina habari za familia safari hii.

Ndiyo.

Nilikwisha kuyaandika kabla ya barua yangu ya kwanza. Na ni mimi niliyeyatunga, si Franck. Yeye alisema tu anataka kitu cha kuliza watu, mimi nikajua cha kumpa. Karatasi ya kuwekwa ndani ya diski iko kwa mchapishaji. Nilikuandikia nikitumaini utasema "shimo ni la wafu", ili uongo wangu upate mama.

Na kuna la pili ambalo sikulisema. Shimo nimelifunga. Nilikata santuri ya Babu kwa mashine, nikaunganisha upande na upande. Kwenye karatasi nimesifu ukimya, na kwenye muziki ukimya haupo tena! Hata Franck hakugundua. Nilisikiliza mara moja nikazima. Ilikuwa kama kutembea na mtu ambaye hapumui.

Nimeongea na Franck. Alipiga kelele, kisha akanipa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Baada ya hapo inatoka, na karatasi ile, na jina la Babu juu yake. Sikutaka kukusukuma, Koko, lakini nasukumwa. Nikitoa maneno ya wafu, lazima niweke mengine, na Sévère ameanza kuwaambia watu Kigoma yale aliyoniambia. Ukinyamaza, babu atabaki na moja kati ya mawili: uongo wangu au wizi wa Sévère.

Kwenye ndoa sitakuja. Umesema, na ni haki.

Niambie tu aliitoa wapi.

Merdi


Rugenge, tarehe 19 mwezi wa nane 2024

Kwako Merdi, mujukuu wangu muongo,

Nakusalimu. "Ndiyo" yako nimeiona, iko peke yake kwenye mustari, imesimama vizuri. Kwa hiyo moja nimekusamehe. Ungekuja kwenye ndoa. Nilisema usije ukichapisha, na weye hukuchapisha. Unasoma vibaya kama babu yako. Ndoa ilikuwa juzi Jumamosi, siku ya posho, nitakuambia. Kwanza lile neno.

Minye nilizaliwa Lubarika, baba yangu alilima mupunga, na Mungu alimupa mabinti watano, hakuna kijana. Mupunga ukikomaa, ndege wanashuka kama mvua. Kazi ya kuwafukuza ni ya vijana, kwa muluzi na mawe. Baba akaangalia nyumba yake, akaona sketi tupu, akaniambia, "Léocadie, weye ndiye kijana." Nikajifunza. Muluzi mmoja ndege wanauzoea, kwa hiyo nilikuwa naupinda, naupandisha, naushusha, mpaka ukawa na mwanzo na mwisho. Hiyo ndiyo Simama Kwanza. Niliitunga kwa sababu ya ndege, niko na miaka kumi na tatu, miguu ndani ya matope.

Halafu nikaolewa Makobola, kwa wavuvi. Kule ni dunia ingine. Mama mukwe yangu, Mama Agathe, siku ya kwanza aliniambia: "Huku mwanamuke hapigi muluzi. Anaita upepo juu ya mitumbwi, na kwenye mitumbwi kuna watoto wangu." Nikafunga mudomo. Kijana mmoja wa jirani alikuwa amezama mwaka ule, na mama yake alikuwa anatafuta muntu wa kulaumu. Usidhani ni mambo ya kucheka. Wangesema ni minye.

Lakini Venant alinisikia mara moja nikiwa mutoni, napiga kidogo tu. Akaomba. Akaomba wiki mbili, kama mutoto anayeomba sukari. Asubuhi moja mama alikuwa ufukweni kuchukua ndagala. Venant akakaa na gitaa, kichwa chini, anaangalia vidole vyake. Nikasema, mara moja tu, usirudi kuniuliza. Nikaanza.

Nilikuwa katikati niliposikia Mama Agathe anakohoa nje ya mulango. Nikakata. Alikuwa na beseni kichwani, anaelekea kwenye kichanja cha kukaushia. Nikahesabu miguu yake. Moja, mbili, tatu, ine, ya tano akasita, halafu akaenda. Kipande cha pale nikakimeza, nikaendelea na kinachofuata mpaka mwisho, polepole. Venant hakuinua kichwa. Alichukua vyote, na muluzi na hofu yangu, akidhani ni kitu kimoja.

Kwa hiyo ordinatere yako haikukosea. Siyo mapigo ya muziki, ni hatua za Mama Agathe, na ile aliyosita.

Akarudi bila beseni. Akasimama mulangoni.

"Nani anaita upepo ndani ya nyumba yangu?"

Venant akasema, "Ni minye, mama."

"Weye? Muntu mukubwa, na ndevu, unapiga muluzi kama muchunga mbuzi?"

"Ni minye. Natafuta muziki."

"Utafute kimya!"

Ndiyo hivyo, Merdi. Babu yako hakuiba. Alisema "ni minye" ili nisitukanwe, na neno likisha kutoka mbele ya Mama Agathe halirudi. Kule Bujumbura muntu wa karatasi akauliza nani mutunzi. Angesema nani? Mama yake alikuwa na redio. Akasema tena "ni minye". Aliporudi hakula siku mbili. Nikamwambia, kula, mujinga weye, ni minye niliyekupa. Mama Agathe alipokufa alitaka kwenda kusema kweli. Nikakataa. Niliona aibu ya kuitwa mwanamuke wa muluzi, na niliona fahari watu wakimuita Venant Simama Kwanza njiani. Vyote viwili. Andika na hiyo.

Mwaka wa 2009, akiwa hospitali, asubuhi ile ya mwisho alinishika mukono, akaniita kwa jina la mutoto wetu wa kwanza, "Mama Sifa, pale mama alipopita, kulikuwa na nini?" Kumbe alijua! Sijui alijua lini. Nikainama kwenye sikio lake nikakipiga kile kipande, pale kati ya vitanda. Muuguzi alinifukuza. Lakini alikuwa amesikia. Nilimuona vidole vyake vinapiga gitaa juu ya shuka.

Sasa ndoa. Wiki iliyopita nilienda kwa Rémy, akiwa anafundisha vijana wake wa fanfari.

Nikasema, "Siku ya posho, pale kwenye shimo, ngoma inyamaze."

"Mama Léocadie, wakinyamaza hawataingia pamoja. Nimekuambia miaka ishirini."

"Wataingia. Nitawaingiza."

"Weye? Kwa kitu gani?"

"Kwa mudomo."

Akacheka. Nikamwangalia mpaka akaacha.

Kwa hiyo juzi, uwanja umejaa, Wafuliiru wa Lubarika, ndugu za bwana harusi, upande huu, watu wetu wa Makobola upande ule, matarumbeta yanalia, na gitaa haiko, Venant hayuko. Ikafika. Ngoma kimya. Wote muguu mmoja: Gloriose na shela yake, bwana wake na masikio yake, padri pia ameinua kiatu. Minye nikasimama kwenye kiti changu, kwa miguu miwili, sababu ya goti. Meno ya mbele nimebaki nayo mawili, yanatosha. Nikapiga.

Shemeji yangu Domitille, binti wa Mama Agathe mwenyewe, akasema kwa sauti, "Mwanamuke!" Nikamaliza kipande, mpaka mwisho, hatua ine na ile ya kusita. Matarumbeta yakaingia pamoja, yote, kama mulango mumoja. Rémy alisahau kupunga mikono. Upepo ulikuja? Ulikuja kidogo, ukavuruga shela ya Gloriose. Domitille akauonyesha kwa kidole. Nikamwambia, "Umeniona? Ni minye. Tangu mwaka ule ni minye." Akakaa. Baadaye aliniletea soda, akaifungua mwenyewe.

Sasa shika kalamu. Karatasi ya wafu, toa. Andika hivi, neno kwa neno: Simama Kwanza ilitungwa na Léocadie akilinda mupunga Lubarika. Venant aliipiga kwa gitaa, akaibeba kwa jina lake miaka thelathini na sita, ili mukewe asitukanwe. Tuma moja kwa Sévère, wamsomee kwenye sikio linalosikia. Franck akikataa, chukua santuri ya babu yako chini ya kwapa, toka. Kiti cha kuumiza mugongo kiko kila mahali.

Na lile shimo, ulilolifunga, lifungue. Liache lilivyo, pamoja na kusita kwake.

Najua utakachouliza sasa. Hapana. Kile kipande sikutumii, na usije na mashine yako kukinasa. Nimekitoa mara mbili, kwa muntu anayekufa na kwa muntu anayeolewa. Anayetaka kukisikia aje Rugenge, nyuma ya kinu cha kusaga unga, aulize kwa mwanamuke wa muluzi, wataonyesha. Na akifika, asimame muguu mmoja kama wengine.

Njoo na weye. Mbuzi amezaa tena.

Minye Léocadie, mutunzi